Vikongwe Waliokataa Kuhama

Wanawake watano, wote wa miaka 80 na ushee, wanaishi pamoja katika jumba kuukuu lenye deni la benki. Langoni wamesimama wanaume wa mji. Wamekuja na mtambo wa kubomolea na hawana haja ya mazungumzo. Vikongwe hao ni wachawi, lakini uchawi wao umezeeka pamoja na magoti yao: leo unafanya kazi, kesho unagoma. Tumaini lote wameliweka kwa mwenzao wa sita, Ruby, anayetarajiwa kurudi nyumbani baada ya kuwa mbali nao kwa miaka 33. Ndivyo inavyoanza The Witches of Moonshyne Manor, riwaya ya mwaka 2022 ya Bianca Marais, mwandishi mzaliwa wa Afrika Kusini anayeishi Kanada.

Ni kitabu cha kuchekesha, na kimezunguka mikononi mwa kikundi kidogo cha wanawake wanaofanya kazi Upper Hill, Nairobi. Wao husoma riwaya moja kwa wakati, kisha huijadili saa ya chakula cha mchana, mbele ya sahani za chapati na dengu, katika vibanda vilivyojibanza kati ya maghorofa. Wamo makarani wa bima, mwalimu, wakili chipukizi na muuguzi mstaafu ambaye wenzake wote humwita Mama. Nimewasikiliza wakikisifu kitabu hiki na kukisuta. Mmoja alikivika karatasi ya kaki, kama tulivyovika madaftari shuleni, ili abiria aliyeketi naye ndani ya matatu ya Ngong Road asione neno lililo jaladani.

Karatasi hiyo ya kaki inaeleza mengi. Wasomaji hawa hawakuwa wakibishana juu ya hadithi peke yake. Walikuwa wakibishana juu ya namna tunavyomtazama mwanamke mzee ambaye hana mume karibu, ana nyumba au kipande cha ardhi, na ana marafiki wa rika lake wasiomwacha. Katika riwaya mwanamke huyo anachekesha. Katika nchi yetu amechomwa moto. Maoni yote niliyoyasikia yalikuwa yakizunguka hapo.

Nyumba inayotakiwa na wenye fedha

Mtu wa Upper Hill haelezwi mara mbili habari ya nyumba kuukuu inayomezewa mate. Zama za ukoloni kilima hiki kilikuwa makazi ya maafisa Wazungu, wengi wao wa shirika la reli, waliojengewa nyumba za chini zenye bustani pana. Leo ndiko liliko jengo la UAP Old Mutual lenye ghorofa 33, na Britam Tower, lililokamilika mwaka 2017 na kufikia mita 200 kwenda juu. Lakini ukipita kwa miguu kwenye vichochoro vya nyuma bado utaiona nyumba moja moja ya kale: ukuta wa mawe ya kuchonga, vigae vyekundu vilivyoota kuvu, mjakaranda unaomwaga maua ya zambarau juu ya gari lisiloendeshwa tena. Kwenye ua wa kayaba, mara nyingi, umefungwa ubao wa ilani ya kubadilisha matumizi ya ardhi.

Ndiyo maana wakili wa kikundi alisema kwamba sehemu iliyomtisha zaidi katika riwaya nzima ni barua za benki, kuliko nguvu zozote za giza zinazotajwa humo. Kiongozi wa jumba hilo, Queenie, amekuwa nyuma katika malipo ya mkopo wa nyumba kwa muda mrefu na hakuwaambia wenzake. Anakiri maji yakiwa yamefika shingoni. Hapo kikundi kiligawanyika pande mbili, na mjadala ukawa mkali kuliko wa uchawi.

Upande mmoja ulimtetea Queenie. Walisema amebeba mzigo peke yake kwa upendo, kama mama anayeficha ada aliyokosa ili watoto walale. Upande wa pili haukutaka kusikia habari hiyo. Kila mmoja wao yumo katika chama cha kuweka akiba, na wanajua mweka hazina anayeficha deni anavyovunja watu waliojuana miaka 20. Kwao, udugu wa wanawake unaanzia kwenye daftari la hesabu: nani ametoa, nani anadaiwa, nani amefiwa mwezi huu asitozwe. Mapenzi yasiyosema ukweli kuhusu pesa huishia kwa chifu.

Mimi niko na upande huu wa pili, na nadhani hata Marais yuko nao. Riwaya yake inacheka sana, lakini siri za wanawake hao ndizo zinazowatia ufa kabla adui hajaugusa ukuta. Kila mara mmoja anapoamua kuwakinga wenzake kwa kunyamaza, hatari inazidi. Msomaji wa Nairobi, aliyezoea kusimama mbele ya wanachama na kusoma hesabu kwa sauti, analiona jambo hilo upesi.

Waliokataa kukifungua

Wako waliokataa kitabu kwa jina lake tu. Karani mmoja alikirudisha bila kukisoma, akaeleza kwa upole kwamba nyumbani kwao uchawi ni jambo la kuombewa, wala si la kuchezewa. Hakuna aliyemcheka. Katika jiji ambalo makanisa hukesha Ijumaa usiku kucha watu wakiomba dhidi ya nguvu hizo, msimamo wake ni wa watu wengi, na unastahili heshima.

Mwalimu alimjibu kwa hoja ya darasani. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilikutana na wachawi wazee kwa mara ya kwanza katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Macbeth, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina Makbeth mwaka 1968. Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya nene kwa Kikuyu, Murogi wa Kagogo, akaifasiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 2006, na ndani yake kijana mmoja na mwanamke mwenzake wanajifanya mchawi wakitumia hofu ya watu kuwafunua watawala. Visiwani Zanzibar, Muhammed Said Abdulla aliita riwaya yake Kisima cha Giningi, akichukua jina la makao ya wachawi katika simulizi za wenyeji, na humo mpelelezi wake Bwana Msa anategemea akili ili kufumbua fumbo. Tumesoma habari za wachawi siku zote, akasema mwalimu. Tofauti ya riwaya hii ni kwamba hadithi ni ya mchawi mwenyewe, na tunamkuta jikoni kwake akitafuta miwani.

Niliongeza moyoni kwamba hata ngano zetu zilikuwa na busara hiyo. Katika hadithi nyingi za pwani na za bara, msichana anayesafiri hukutana njiani na kizee mwenye vidonda au makamasi, anayeomba aoshwe au akunwe mgongo. Anayemhudumia huonyeshwa njia ya salama. Anayemtemea mate hupotea. Watoto waliolelewa na hadithi hizo walijua kwamba kikongwe ana siri, na walijua pia kwamba siri hiyo ni ya kuheshimiwa. Mahali fulani tuliibakiza nusu ya kwanza ya somo, ile ya pili tukaiacha.

Aliyeshindwa kucheka

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Kisii, alikisoma kitabu hadi umati unapofika langoni, akakifunga. Aliwaambia wenzake kwamba hawezi kucheka na umati wa wanaume waliosimama mbele ya nyumba ya mwanamke mzee, hata kama umechorwa kwa kuchekesha namna gani.

Ana haki. Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, watu 11 waliodaiwa kuwa wachawi waliuawa kwa kuchomwa moto, wengi wao wanawake wazee. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai hayo hayo. Kule Kilifi, wazee wake kwa waume wamekuwa wakikatwa mapanga na watu walioishi nao, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna shamba ambalo vijana wa ukoo wanataka kuliuza kabla mwenyewe hajafa. Wapo waliopaka nywele rangi ili mvi zisionekane. Kituo cha Kaya Godoma, Ganze, kimekuwa kimbilio la wazee waliotoroka nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Upande wa Tanzania, huko Usukumani, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe katika miaka yote waliyopikia familia.

Sheria ipo. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, na pamoja na kuwaadhibu wanaojidai kuwa na nguvu hizo, inafanya kuwa kosa kumshutumu mtu kuwa mchawi nje ya vyombo vya serikali. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Julai 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya ukatili unaotokana na tuhuma za uchawi. Miezi mitatu baadaye wanawake wanne wa Marani walikuwa wamekufa. Karatasi haifiki kijijini usiku.

Basi je, riwaya nyepesi juu ya vikongwe wachawi ni tusi kwa wafu hao? Hili ndilo swali zito kuliko yote lililoulizwa mezani, na nililitafakari sana. Jibu langu ni hapana, na sababu ninaiona ndani ya kitabu chenyewe. Marais hajaupamba umati. Wanaume walio langoni wanazungumza habari ya maadili, lakini wanachotaka ni ardhi, na msomaji anaonyeshwa hilo mapema. Kicheko cha riwaya kinakaa upande wa wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Tunacheka pamoja na Jezebel, ambaye umri haujampunguzia hamu ya mapenzi. Tunacheka pamoja na Ivy na mimea yake, pamoja na Ursula anayetazama yajayo na kuogopa anachokiona. Tukishawajua kwa majina, kwa hamu zao na kwa ugomvi wao wa mezani, hakuna anayeweza tena kutuambia kwamba hao ni wachawi tu, wachomwe.

Hilo ndilo habari za magazeti yetu hazijawafanyia waliouawa. Tunasoma umri, kijiji na idadi ya miili. Hatuambiwi nani kati yao alikuwa fundi wa kusuka vikapu, nani aliimba vizuri, nani alikuwa na rafiki aliyemtembelea kila Jumapili.

Waliokaa chini ya kilima

Mama, yule muuguzi mstaafu, ndiye aliyetukumbusha kwamba hatuhitaji kwenda hadi Critchley Hackle, mji wa kubuni wa Marais, kuwatafuta wanawake wazee waliokaa pamoja na kukataa kuondoka. Aliinua kidole, akaonyesha upande wa chini, kule Upper Hill inakoteremkia Uhuru Park.

Mwaka 1989 palipangwa kujengwa ndani ya bustani hiyo jengo la ghorofa 60, makao ya shirika la gazeti la Kenya Times. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipinga. Bungeni alitukanwa, na vuguvugu lake la Green Belt likadharauliwa kuwa mkusanyiko wa wanawake walioachika. Jengo halikujengwa. Kila anayekula chakula chake cha mchana kwenye nyasi zile anakula kwa hisani ya mwanamke aliyeambiwa hana adabu.

Kisha ikaja Februari 1992. Kina mama waliokuwa na wana waliofungwa kwa sababu za kisiasa, wengi wao wazee waliotoka mashambani, walifika Nairobi kudai wana wao waachiliwe. Miongoni mwao alikuwa Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao. Walianza mgomo wa kula kwenye kona ya bustani inayojulikana hadi leo kama Freedom Corner, na Maathai akaketi nao. Machi 3 polisi waliwavamia kwa marungu na gesi ya machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Hapo baadhi ya kina mama wakafanya jambo ambalo kila mtu mzima pale alilielewa: walivua nguo mbele ya askari waliokuwa na umri wa wana wao. Katika jamii nyingi za Kenya hiyo ni laana ambayo mwanamume hajui ataivuaje.

Kina mama hao hawakwenda nyumbani. Walihamia katika kanisa la All Saints, mwendo mfupi kutoka hapo, wakaishi katika chumba cha chini ya kanisa kwa takriban mwaka mzima, wakilala pamoja, wakiimba pamoja, wakipokea wageni na habari. Kufikia 1993 wengi wa wana wao walikuwa wameachiliwa.

Mama alikuwa muuguzi kijana wakati huo. Alisema alipowasoma vikongwe wa Marais wakimngojea Ruby, alikuwa akiwaona kina mama wa 1992. Kwake, uchawi wa kitabu ni njia ya kusema kitu ambacho Nairobi imekiona kwa macho: wanawake wazee wakishikamana wana nguvu ambayo wenye rungu wanaiogopa bila kuweza kuitaja. Hakuna aliyemjibu kwa muda. Kisha aliyekifunga kitabu akaomba arudishiwe.

Makosa ya kitabu, na kinachobaki

Wasomaji hawa hawakukisifu bila kipimo, nami sikisifu hivyo. Kitabu kina mikasa mingi kupita kiasi, na katika theluthi ya mwisho siri zinafichuliwa kwa kasi inayomchosha msomaji. Wahusika wakuu ni wengi, na ukikiacha kwa siku chache itabidi urudi nyuma kujikumbusha nani alimkosea nani. Wanaume wabaya ni wabaya tu. Wasomaji wawili walisema wangependa kumwona walau mmoja anayesitasita langoni, maana katika umati wa kweli huwa yupo, na mara nyingine ndiye anayeokoa mtu. Persephone, kijana wa TikTok anayejitokeza kuwasaidia vikongwe, aliwafurahisha vijana na kumkera mwalimu, aliyeona anahubiri kupita kiasi. Mama alimtetea: kikongwe bila kijana wa kumtuma, alisema, ni redio bila betri.

Sifa moja, hata hivyo, ilikubaliwa na wote. Kitabu hiki kinaonyesha wanawake wazee wakiishi pamoja kwa hiari yao, na kuishi huko ndiko kunakowaokoa. Uchawi wao unawaangusha mara kwa mara. Kinachowaweka hai ni kwamba mmoja akiumwa kuna wa kupika, mmoja akisahau kuna wa kumkumbusha, na umati ukija hakuna anayekutwa peke yake.

Hapo ndipo riwaya inapotugusa sisi. Tuhuma ya uchawi hapa kwetu humwinda aliyebaki peke yake: mjane ambaye watoto wamehamia mjini, anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, ikiwa amefikisha miaka 70 na jina lake liko kwenye orodha, na ambaye jirani wa karibu ndiye anayelitamani shamba lake. Wengi wa watoto hao waliohamia mjini ni sisi. Tunafanya kazi katika maghorofa ya Upper Hill, tunatuma pesa kwa simu mwisho wa mwezi, na tunaamini tumemtunza. Lakini pesa ya simu haiketi naye jioni. Vikundi vya akina nyanya vinavyokutana kusuka, kuweka akiba na kuzikana vinafanya kazi ya ulinzi kuliko tunavyodhani, na kumlipia mama yako mchango wa chama chake huko kijijini ni miongoni mwa matumizi bora ya mshahara wako.

Nina ombi pia kwa waandishi na wachapishaji wetu. Tuna riwaya za wasichana waliodanganywa, za wake walioteswa, za mama wanaolia. Riwaya ya Kiswahili ambamo nyanya watano wa Ganze au wa Marani wanaishi katika boma moja, wanagombana juu ya chumvi, wanapendana, wanashtaki wezi wa ardhi na kushinda, bado ina nafasi tele kwenye rafu. Iandikwe kwa kicheko. Walioishi chini ya hofu kwa miaka mingi wanastahili kitabu ambacho wao ndio wanaocheka.

Kikundi cha Upper Hill kimeshaamua la kufanya. Kikao kijacho kila mmoja amwalike mwanamke mmoja aliyevuka miaka 70: mama, shangazi, jirani wa kanisani, nyanya anayeuza mboga kwenye kona. Watasimuliwa hadithi ya Moonshyne Manor kwa Kiswahili, tangu umati ulipofika hadi mwisho, kisha wao ndio watakaotangulia kutoa maoni. Ningetamani kila kikundi cha wasomaji nchini kifanye vivyo hivyo, kwa kitabu hiki au kingine, maana wanaojua zaidi habari ya kuzeeka pamoja hatujawahi kuwauliza.